Kanoni Apolo Kivebulaya: Anasa za Dunia na Furaha Isiyokwisha



Kamati ya Jumuiya ilituomba sisi walimu tuandike, kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, maisha ya mtu mmoja wa zamani ambaye vijana wetu waweza kujifunza kwake. Tumemchagua Kanoni Apolo Kivebulaya, aliyefariki tarehe 30 Mei 1933 huko Mboga, nchi ya Kongo, mahali ambapo siku hizi huandikwa Boga. Jina hilo huwachekesha watoto darasani, maana wao wanajua mboga ni ile ya sufuriani. Lakini wazee waliotoka upande ule hawacheki. Wanalijua vema.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, Apolo alikuwa Mganda aliyevuka mto Semliki kwenda Kongo, nasi wengi tumetoka Kongo tukavuka kuja Uganda. Nyayo zetu zimepishana na zake. Ya pili ni ubishi uliozuka hapa kambini kati ya vijana na wazee wa makanisa. Wazee husema kwamba anasa za dunia ni mtego, na kwamba furaha ya kweli iko mbinguni. Vijana hujibu kwamba wao hawana anasa yoyote ya kuacha, na mtu aliyenyang'anywa kila kitu haambiwi ajinyime. Na wengine, bila kubishana na mtu, wanauza mahindi ya mgawo na kwenda kunywa pombe. Jambo hili si dogo. Limevunja nyumba tunazozijua. Hatuna budi kulitazama, na maisha ya Apolo yanaweza kutusaidia.

TULIVYOKUTANA NA HABARI ZAKE

Kabla ya kuletwa kambini, sisi tunaoandika tuliishi Bwaise, kaskazini mwa Kampala, katika eneo la Kawempe, kando ya barabara ya kwenda Bombo. Tulipanga chumba kimoja pamoja na watoto. Wanaoijua Bwaise wanajua kwamba iko bondeni. Mvua ikinyesha sana, mifereji hujaa na maji machafu huingia majumbani. Ndiyo maana vyoo vingi vya huko vimejengwa juu, mtu hupanda ngazi.

Upande mmoja wa njia yetu palikuwa na baa iliyopiga muziki hadi alfajiri. Upande wa pili palikuwa na kanisa la mabati lililofanya mkesha kila Ijumaa, nalo lilikuwa na vipaza sauti vyake. Sisi tulilala katikati, tukiwa hatuna fedha ya baa wala nguvu ya mkesha. Baa iliita watu waje wafurahi usiku ule ule, na mhubiri aliwaita waje wafurahi milele. Mtoto wetu mkubwa alituuliza ni wapi wanafurahi kweli, maana pande zote mbili watu walikuwa wakipiga kelele na pande zote mbili wengine walikuwa wakilia. Sisi ni walimu, tumezoea kujibu maswali ya watoto. Lile hatukulijibu.

Usiku mmoja maji yaliingia hadi kwenye godoro. Aliyetufungulia mlango alikuwa mama mmoja aliyeuza malwa, kwa sababu chumba chake kilikuwa kimeinuliwa. Alihamisha mitungi yake akawalaza watoto wetu pale. Asubuhi kijana wa lile kanisa alikuja na koleo, akafukua tope mlangoni petu bila kuombwa. Tangu siku hiyo tumeona vigumu kuwagawa watu kwa kutazama tu wanaingia mlango upi.

Ni kijana huyo huyo aliyetuazima kitabu kikuukuu chenye habari za Apolo. Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa miguu hadi Namirembe, tukipitia Kasubi na Nakulabye. Pale Kasubi tulisimama kidogo, maana ndipo walipozikwa Kabaka Mutesa wa Kwanza na mwanawe Mwanga. Mwanga na Apolo walikuwa watu wa rika moja hivi. Mwanga alipata kila raha ambayo nchi yake iliweza kumpa kijana, naye alikufa mwaka 1903 akiwa amehamishwa kwa nguvu, mbali katika visiwa vya Shelisheli. Hata mfalme aweza kuwa mkimbizi. Tukaendelea na safari hadi kilima cha Namirembe, kwenye Kanisa Kuu ambalo Apolo alipewa heshima ya kuwa Kanoni wake mwaka 1922.

UJANA WAKE

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, kwa hiyo aliitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia. Alikua wakati ambapo dini ngeni zilikuwa zimeingia katika nchi. Waislamu walikuwa wamekwisha kufundisha kwa miaka mingi, na mwaka 1878 akafika Alexander Mackay, mmisionari fundi kutoka Scotland. Waswa alisikia mafundisho ya pande zote mbili.

Tusimfanye malaika kabla ya wakati. Mwaka 1886 vijana wa ikulu ya Mwanga walichomwa moto huko Namugongo kwa ajili ya imani yao. Yeye hakuwa miongoni mwao. Zilipoanza vita za dini mwaka 1888, alishika silaha. Kwanza alipigana upande wa Waislamu, baadaye upande wa Wakristo. Mwaka 1891 alikuwa katika msafara wa Kapteni Lugard uliokwenda magharibi hadi Toro na kumrudisha Kasagama katika kiti cha ufalme. Alizijua raha za askari wa siku zile: pombe, bangi, na mali ya kutekwa. Vijana wetu wanaodhani kwamba mtakatifu ni mtu asiyejua utamu wa dunia wasome sehemu hii mara mbili. Aliujua.

Jina la Kivebulaya pia latoka katika uaskari. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Alikuwa na koti jekundu la askari ambalo alilivaa juu ya kanzu yake nyeupe, na watu wakamwita kwa koti lile. Hatuoni kosa katika hilo. Alipenda vazi zuri kama tulivyo sote.

Mwezi wa Januari 1895 alibatizwa akapewa jina la Apolo. Mwaka huo huo akajitolea kwenda kufundisha Toro, nchi ile ile aliyoiingia kwanza kama askari. Safari hii alikwenda na kitabu.

MBOGA

Ng'ambo ya Semliki, kupita upande wa kaskazini wa milima ya Rwenzori, palikuwa na nchi ndogo ya Mboga chini ya mtawala aliyeitwa Tabaro. Walimu wawili walitangulia kupelekwa huko, wakashindwa kukaa kwa sababu walinyimwa chakula. Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo akaenda kushika nafasi yao.

Yeye alifanya jambo moja rahisi: alishika jembe. Alilima chakula chake mwenyewe. Wakuu wa huko walikuwa watu wa ng'ombe, nao walidharau kazi ya udongo, hivyo mwalimu mwenye jembe alikuwa kichekesho. Lakini mtu anayejilisha hawezi kufukuzwa kwa njaa. Akawafundisha watu kusoma, akajenga kanisa kwa miti na nyasi pamoja na wale wachache waliomwamini.

Tabaro hakufurahi. Apolo alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Watu walipokuwa wakibeba nyasi za ujenzi, mwanamke mmoja aliangukia mkuki wa Apolo uliokuwa umewekwa nyasini, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alishitakiwa kwa uuaji, akafungwa minyororo na kupelekwa Toro gerezani. Baadaye ikaonekana hana hatia, akaachiliwa.

Wote waliowahi kuwekwa ndani kwa kosa ambalo hawakulitenda, na hapa kambini wapo, wanajua mtu hutoka huko akiwa na moyo wa namna gani. Apolo alitoka akarudi Mboga. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika siku za mateso alimwona Kristo akimtokea kama mtu anayeng'aa kama jua, akimwambia aende kuhubiri msituni kwa kuwa atakuwa pamoja naye. Asiye Mkristo anaweza kulipokea hilo au kuliacha. Lisilo na ubishi ni matokeo yake: mtu aliyepigwa na kufungwa hakulipiza kisasi, na Tabaro aliyemtesa akaja kubatizwa, akaitwa Paulo.

Mwaka 1900 Apolo akafanywa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Kwa miaka mingi alitumika Toro. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakipima mipaka. Kwa makubaliano ya mwaka 1910 Mboga ikawekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu walilala wakiwa nchi moja wakaamka katika nchi nyingine, bila hata kuhama. Katika miaka ya Vita Kuu ya kwanza Apolo akarudi kukaa nao, ng'ambo ya mpaka huo mpya, mbali na wakubwa wake na mbali na ukoo wake. Kutoka hapo akaingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu wa msituni ambao majirani zao wengi waliwadharau, naye akawafundisha na kuwabatiza.

AKIBA YAKE

Katika miaka yake yote ya utumishi hakuwa na mke wala mtoto. Sisi Waafrika twajua uzito wa neno hilo, tena kwa mtu aliyezaliwa pacha, ambaye wazazi wake walipata heshima kubwa kwa kuzaa mapacha. Lakini nyumba yake haikuwa ya upweke. Ilijaa watoto na vijana aliowalea, kuwalisha na kuwasomesha. Alichopata kilipita mikononi mwake kikaenda kwa wengine. Alipokufa hakuacha mali ya kugombewa.

Je, mtu huyu alizichukia raha za dunia? Hapa ndipo tunapoomba wazee wetu wa makanisa watuvumilie kidogo. Tulipomaliza kusoma maisha yake hatukuona chuki hiyo. Mtu anayechukia dunia halimi shamba, hajengi, hafundishi mtoto wa mwenzake alfabeti. Na imani aliyoihubiri haifundishi kwamba chakula, arusi na wimbo ni vitu vibaya. Bwana wake alifanya muujiza wa kwanza arusini, huko Kana, divai ilipokwisha, na mara nyingi aliufananisha ufalme wa mbinguni na karamu. Asingetumia mfano huo kama karamu ingekuwa uchafu.

Tofauti ya Apolo iko mahali pengine. Raha alizoziacha ni zile ambazo mtu huzipata kwa kumpokonya mwingine, kama mateka ya vita, au zile zinazomfunga mtu hata asiweze kuondoka, kama pombe na bangi. Raha alizobaki nazo ni zile zinazoongezeka zikigawanywa: chakula shambani, watoto nyumbani, watu wakijifunza kusoma. Na ile furaha ya milele, kwake haikuwa malipo ya kungojewa kwa kukaa tu. Ilikuwa kama njia. Ilimwambia aelekee wapi kesho asubuhi.

MANENO MATATU YA MWALIMU

Kwanza, kwa vijana. Mnasema kweli kwamba Apolo alijinyima kwa hiari yake, na ninyi mmenyimwa. Hayo ni mambo mawili, na mtu asiwachanganyie. Lakini fikirini kuhusu mahindi ya mgawo yanayouzwa kwa ajili ya pombe. Hayo hamkunyang'anywa na adui. Debe la mahindi ni chakula cha watoto kwa siku kadhaa, na pombe yake huisha usiku mmoja. Hatuwahukumu mnaokunywa, tunajua mnakunywa ili kusahau nini. Tunasema tu kwamba raha inayomwacha mtoto na njaa imemwiba mtu, kama mateka ya vita yalivyomwiba mwenyewe.

Pili, kwa wazee na wahubiri. Tusimwambie mwenye njaa kwamba njaa yake ni utakatifu. Apolo hakuwahubiri watu mbingu huku akiwanyima jembe. Mhubiri anayetaja furaha ya milele, na jirani yake ana mtoto mgonjwa, aende kwanza amsaidie kumbeba mtoto hadi zahanati, ndipo arudi kuhubiri. Hapo watu watamsikia. Na siku ya arusi hapa kambini, ngoma ikilia na wanawake wakipiga vigelegele, tusikunje uso. Watu hawa wamezika wengi mno. Furaha yao ni ushahidi kwamba hawakuzikwa pamoja na wafu wao.

Tatu, kwa watumishi wa mashirika. Pengine mwashangaa mnapoona mama anapata kipande cha sabuni, anakigawa na jirani, au familia yenye shida inanunua kitambaa cha kanisani. Msidhani hawajui mahitaji yao. Mtu haishi kwa kilo za mgawo peke yake. Anataka pia awe na kitu cha kutoa. Apolo alikuwa maskini kwa mali, lakini alikuwa mtoaji, na hilo ndilo lililompa heshima. Mkitusaidia, tusaidieni kwa namna inayotuachia nafasi ya kutoa.

MWISHO WAKE

Apolo aliugua mwaka 1933, akafariki Mboga tarehe 30 Mei. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ilikuwa bado haijafika huko. Wakamzika hivyo. Kanisa lililoanza na mwalimu mmoja na jembe lake likaenea nchini Kongo, likawa dayosisi yenye makao yake pale Boga, na mwaka 1992 likawa jimbo linalojitegemea la Kanisa la Anglikana. Kila tarehe 30 Mei Waanglikana wa nchi nyingi humkumbuka.

Kuna tarehe nyingine ambayo hatuwezi kuiacha. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku moja tu baada ya kumbukumbu yake, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi na kuua watu zaidi ya 50. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo waliokuwa tayari wamekimbia vijiji vyao na kupiga kambi pale wakidhani wamepona. Baadhi ya wasomaji wetu walipoteza ndugu usiku ule. Mbele ya kaburi la namna hiyo maneno mengi ya furaha husikika kama matusi, nasi hatutayasema. Tunasema jambo moja tu: waliobaki walizika wafu wao, na waliweza kuimba makaburini. Hatuwezi kuieleza nguvu hiyo kwa hesabu ya mahitaji ya mwili.

Yule mtoto wetu aliyetuuliza swali kule Bwaise sasa amekuwa mkubwa, naye anasoma. Hatujampa jibu kamili hadi leo. Lakini tumemwambia habari za mtu aliyezijua raha za dunia, akachagua zile awezazo kuvuka nazo mto, na alipokufa akageuziwa uso kule ambako bado kuna kazi. Tumemwambia pia habari za mama wa malwa aliyehamisha mitungi yake. Aliuliza kama mama yule naye atakwenda mbinguni. Tulimjibu kwamba hilo si juu ya mwalimu kuamua, ila sisi tukifika huko tusipomkuta, tutauliza yuko wapi.

Tunawatakia kumbukumbu njema na amani. Mungu ailinde kambi yetu na wote walio njiani.